Ngoja Tatu

Kanuni ya tisa imebandikwa ukutani, juu ya mashine ya chai: UKIITAMBUA SAUTI, BONYEZA NJANO. Ukibonyeza kile kitufe cha njano, rekodi inakuondokea na kwenda kwa msikilizaji mwingine, na wewe unaendelea na inayofuata kana kwamba hakuna lililotokea. Katika miaka mitatu nilikuwa nimebonyeza njano mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa mwalimu wangu wa hesabu. Mara ya pili sikuwa na uhakika na sauti, nilitaka tu kupumzika.

Jumanne ile, saa nne asubuhi, nilikuwa na chapati mkononi. Rekodi iliyofuata ikaja kwa mwendo wa kawaida. Nyingi tunazisikiliza zikiwa zimeharakishwa mara mbili, watu wote wanakuwa na sauti za kuku, na ndivyo tunavyopenda. Lakini mtu akichanganya lugha mbili mashine inaogopa kukosea, kwa hiyo inatuletea maneno jinsi yalivyotamkwa.

"Habari za hapa, mzee wangu?" aliuliza Mgeni.

"Nzuri," akajibu mwanamume.

Kimya. Moja, mbili, tatu.

Yule mwanamume akakohoa mara mbili.

"Ila haya macho," akasema, kisha akamalizia kwa Kipare kwamba asubuhi alikuwa ametoka nje kuangalia kama jua limechomoza, akalisikia usoni lakini hakuliona.

Baba yangu hukohoa mara mbili kabla ya kusema jambo asilotaka kulisema. Alikohoa hivyo hivyo siku alipotuambia mama amefariki. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha njano, kimepakaa mafuta ya chapati. Nikakiangalia, kisha nikakiondoa pale.

*

Nieleze Mgeni ni nani, maana mimi ni mmoja wa wazazi wake.

Zamani, ukitazama tamthilia kwenye runinga za mtandao, tangazo lilikuwa linaikata pale pale mtu anaponyanyua panga, halafu sauti inakwambia: "Sema NDIYO tuendelee." Runinga ilikuwa na sikio, na bila kusema ndiyo panga lilibaki hewani. Basi watu wakawa wanasema ndiyo wakiwa jikoni, wakisema ndiyo na mswaki mdomoni. Mama mmoja wa Singida alimfundisha kasuku wake kazi hiyo, naye kasuku akaletewa magodoro mawili. Kampuni yetu ya matangazo, Barazani, hapa Moshi, ilikuwa inakufa taratibu, na kila Ijumaa tulikuwa tunaitwa kwenye kikao kuambiwa tufikiri.

Katika kikao kimojawapo nilisema, "Tangazo mtu anaweza kulikataa. Salamu hawezi."

Dada Kokushubila, aliyekuwa kiongozi wa kitengo na sasa ni mkurugenzi, aliweka kalamu chini. "Fafanua."

"Mtu aliyelelewa akisikia hodi ataitikia hata kama yuko bafuni. Akiamkiwa shikamoo ataitikia. Akiulizwa habari atajibu. Tusimwambie aseme ndiyo, dada. Tumsalimie."

Mwezi uliofuata Mgeni, sauti ya mashine inayosalimia kwanza kisha kuuza, akaanza kupiga hodi. Kati ya watazamaji mia, tisini na mmoja walimkaribisha. Wataalamu wa nje waliotutengenezea programu walishindwa kuelewa, wakaandika barua kuuliza kama tunawatisha watu.

Hilo lilikuwa wazo langu. La pili halikuwa wazo, lilikuwa hitilafu. Masika ya mwaka ule waya mkubwa wa mtandao ulisombwa na maji, na kwa wiki nzima Mgeni akawa anachelewa sekunde tatu kabla ya kujibu. Nikapewa kazi ya kuhesabu malalamiko. Hayakuwepo. Badala yake rekodi zilikuwa zimerefuka. Mtu anaulizwa habari, anasema nzuri, halafu Mgeni badala ya kuingia na sabuni yake yuko kimya, na yule mtu anaendelea mwenyewe. Nzuri, ila mtoto hajala tangu jana. Nzuri, ila mume hajarudi. Nzuri, ila ng'ombe.

Nzuri kwetu si jibu, ni adabu. Unaumwa, nzuri. Umefiwa, nzuri. Jibu lenyewe linakuja baadaye, limetanguliwa na ila, kama aliyekuuliza bado yupo.

Nikaandika ukurasa mmoja kupendekeza kwamba waya utengenezwe lakini ucheleweshaji ubaki. Wakaupa jina la Ngoja Tatu. Picha yangu ikatundikwa mapokezi, nimekunja macho kwa sababu ya taa, na chini yake wameandika "Nanzia Kajiru, aliyetufundisha kungoja." Kuanzia hapo mashine ikawa inasikiliza kinachofuata baada ya ila na kukilinganisha na bidhaa. Isichokielewa kinatupwa kwenye kapu, na sisi wasikilizaji saba tunakipa lebo: afya, shamba, ndoa, watoto, mifugo. Ipo pia lebo ya upweke. Hiyo haina bidhaa. Ukiibonyeza, Mgeni anasema pole sana na tamthilia inaendelea. Wote tunaipenda kwa sababu haina maswali ya ziada, kitufe kimoja na umemaliza. Mimi ndiye niliyekuwa na kasi kuliko wenzangu.

*

Ni marufuku kufungua rekodi zote za nyumba moja. Ila mzazi wa Mgeni hanyimwi ufunguo. Wenzangu walipotoka kwenda kula nikaandika jina la baba, kata, na namba ya runinga niliyomnunulia mwenyewe ili asikae mpweke. Zikatoka rekodi arobaini na moja, za miezi saba.

Baba anaishi peke yake Usangi, kwenye milima ya Upare. Kabla hajazeeka alikuwa mgawa maji. Bwawa la kijiji lilikuwa mikononi mwake, na yeye ndiye aliyejua leo mfereji unafunguliwa kwa nani na saa ngapi unafungwa. Hakuna aliyewahi kumwona akiomba kitu. Waliokuwa wanaomba ni wengine.

Rekodi ya kwanza: "Nzuri. Ila jicho la kushoto linaniwasha."

"Pole sana, mzee wangu," alisema Mgeni. "Kuna matone yanaitwa Peupe, ya mimea asilia. Nikuletee chupa moja?"

"Lete."

Mwezi wa pili: "Nzuri. Ila chupa imeisha, na kuna kama moshi pembeni."

"Pole sana. Peupe wana chupa kubwa."

"Basi lete hiyo kubwa."

Mwezi wa nne alikuwa na maneno mengi zaidi. Alisema tamthilia anaipenda lakini sura za waigizaji amezipoteza, anawajua kwa sauti tu. Yule mwenye roho mbaya, alisema, huvuta pumzi kabla ya kudanganya. Akacheka peke yake. Mgeni akamletea chupa mbili.

Rekodi ya ishirini na tatu ilikuwa imepita kwenye kapu. Niliisikiliza taratibu.

"Nzuri. Ila nina binti yangu yuko huko Moshi. Ananipigia Jumapili. Anauliza habari, nikisema nzuri anasema haya baba, nashukuru, simu imekatika. Nataka nimwambie habari ya haya macho. Ana haraka. Ni kazi, si yeye."

Chini yake paliandikwa: Lebo, upweke. Bidhaa, hakuna. Muda uliotumika, sekunde nne. Msikilizaji, 07.

Saba ni mimi.

Nilikuwa nimemsikia baba yangu akinitaja, kwa sauti ya kuku, na nikabonyeza kitufe kimoja na kumaliza. Nilikaa nikijitafuta. Nilitegemea machozi, au walau moyo kwenda mbio. Nikaminya paja kuona kama nipo. Kilichokuja ni njaa. Nikaimalizia ile chapati, ilikuwa imepoa na kukakamaa pembeni, na nikainywa chai yote.

Kitu kilichonishtua kidogo kilikuwa kingine. Mgeni hana sauti moja. Anaanza na sauti ya wastani ya wilaya, kisha kila wiki sauti inasogea kidogo kuelekea pale ambapo majibu ya mwenye nyumba yanarefuka. Hakuna anayeielekeza. Nilizisikiliza salamu zake peke yake, kuanzia ya kwanza hadi ya arobaini na moja, mfululizo. Ile ya kwanza alikuwa mwanamke yeyote wa Mwanga. Kufikia ya thelathini alikuwa anaburuta maneno ya mwisho na kusemea puani kama mwenye mafua, nami nina mafua tangu nizaliwe. Ilikuwa sauti yangu, ila yenye subira.

*

"Bonyeza njano," alisema dada Kokushubila bila kuinua kichwa.

"Nimeshachelewa, dada. Nimefungua zote."

Hapo akainua kichwa, akanionyesha kiti. Yeye si mtu mbaya. Nilipofiwa na mama alikuja hadi Usangi na viatu vyake vya ofisini, akapanda mlima navyo, akakaa chini mkekani na akina mama wengine. Alifungua faili, akasoma huku akisogeza midomo.

"Ni presha ya macho," nikasema. "Shangazi yangu alipofuka nayo. Ikishakula haitemi, ila ukiiwahi inasimama pale ilipofika. Nataka Mgeni amwambie leo jioni aende hospitali. Sentensi moja tu. Anamwamini."

Akanigeuzia kioo cha kompyuta. "Neno macho, mkoa wa Kilimanjaro, ni la Peupe hadi Desemba. Yeyote akisema ila macho, Mgeni anajibu Peupe. Hata angekuwa baba yangu mimi. Hakuna hata mahali pa kuandika kitu kingine, tazama mwenyewe."

Nikatazama. Palikuwa na kisanduku cha jina la bidhaa, na bila kukijaza kitufe cha kutuma hakikuwaka. Nikaandika hospitali. Kikabaki kijivu.

"Basi nampigia mwenyewe."

"Utamwambia umejuaje?"

Nikakitazama tena kile kitufe cha kijivu.

"Sikutishi, mdogo wangu, nakuuliza. Utamwambia kwamba alipokuwa anaongea peke yake sebuleni kwake, kulikuwa na watu saba mjini wanakula chapati na kumsikiliza? Na ile ya ishirini na tatu, utamwambia uliisikia? Utamwambia uliisikia mara mbili?" Akafunga faili polepole. "Mzee kama huyo, akijua, hatasema tena kwa mtu yeyote hadi anakufa. Sasa hivi angalau anasema."

"Anamwambia muuza matone."

"Anamwambia anayemngoja."

Nje ya dirisha lake mtu alikuwa anafua mazulia, anayapiga kwa mti, na kila pigo lilichelewa kidogo kutufikia.

"Nikienda?" nikauliza.

"Ukitoka hapa na habari iliyotoka kwenye kapu, kiti chako hakitakungoja. Unaijua kanuni, wewe ndiye uliyetusaidia kuiandika." Alikuwa ananihurumia kweli, nililiona hilo usoni mwake. Mimi nilitamani anihurumie kidogo zaidi, labda huruma yake ingenifikia.

Nikashuka ngazi hadi ghorofa ya chini, nikasimama karibu na mapipa ya taka, nikampigia. Haikuwa Jumapili, kwa hiyo alikawia kupokea. Nilisikia kitu kikianguka, kisha mkono ukipapasa mezani.

"Shikamoo baba. Habari za huko?"

"Marahaba, mama. Nzuri."

Nilikuwa nimepanga kungoja. Mimi ndiye niliyevumbua kungoja, nimetundikwa ukutani kwa kungoja. Moja, nikahesabu, na kabla ya mbili mdomo wangu ukasema wenyewe, "Haya baba, nashukuru," na kidole kikakata. Simu ilikuwa imechukua sekunde tisa. Nikabaki nimeishika karibu na mapipa, na mtu wa mazulia akanisalimia, nikamwambia nzuri.

*

Siku ya pili asubuhi nilivua spika za masikioni, nikaacha kitambulisho ndani ya kikombe changu cha chai, nikaondoka. Hakuna aliyeniuliza, kwa kuwa wote walikuwa wanasikiliza. Kwenye pochi nilikuwa na karatasi ya miadi, kliniki ya macho, Alhamisi saa mbili. Gari la kukodi lisilo na dereva lilinipandisha kutoka Mwanga bila neno, na lami ilipoisha likasimama, likaniomba radhi, likageuza. Nikaimalizia safari kwa miguu kwenye ukungu, nikiusikia mfereji kandoni mwa njia bila kuuona.

Njiani nilikuwa nimepanga maneno. Nitasema mimi ni nani na nafanya kazi gani hasa, maana baba anajua kwamba niko "kwenye kompyuta". Nitasema nilimsikia. Nitasema mara mbili. Niliyapanga vizuri kama ripoti, na nilipoyarudia hayakunichoma popote.

Uani nikakuta kamba ya katani imefungwa kwenye nguzo ya baraza, ikapita juu ya majani hadi mlangoni pa choo. Ilikuwa imechafuka katikati, mahali mkono unapopita. Nikaishika, nikaifuata kinyume hadi barazani.

Mlango ulikuwa wazi. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake, koti limefungwa vifungo vyote, uso umeelekea runinga. Runinga ilikuwa kimya. Ukungu ukishuka Usangi mtandao nao hukatika, na pale kwenye kioo mwanamke wa tamthilia alikuwa ameganda, mdomo nusu wazi. Dirishani palikuwa na chupa za Peupe, kumi na moja, zimeoshwa, zimepangwa kwa mstari. Baba hatupi chupa. Hutunzia mbegu.

Alikuwa anangoja tamthilia irudi, au anangoja yule anayeikata.

"Hodi," nikasema.

"Karibu," akajibu. Hakugeuza shingo.

"Shikamoo."

"Marahaba."

"Habari za hapa?"

"Nzuri."

Mdomo wangu ulikuwa na lile neno tayari. Nikauma ulimi hadi nikaonja chumvi. Moja. Mbili. Tatu.

Baba akakohoa mara mbili.

"Ila jicho la kulia nalo linazimika," akasema. "Jana nimemwaga chai, nilidhani meza ipo. Halafu binti yangu akapiga, siku isiyo yake. Nikasema leo namwambia. Nimeshajiandaa, nimeshakohoa, akakata." Akapangusa goti, ingawa halikuwa na kitu. "Huenda simu yake ina matatizo."

Hapo ndipo nilipopata kilichokuwa kimenipotea tangu jana. Machozi yakaja, na yale maneno yote niliyoyapanga sikuona hata moja.

"Pole sana, baba," nikasema.

Akatabasamu, akiielekea runinga.

"Siku hizi unaniita baba," akasema. "Haya, sema. Leo unauza nini?"

Nikafungua mdomo nimwambie ni mimi. Naye akanyamaza, mikono juu ya magoti, akanisubiri.